Timu Haina Mkono

Papa Donatien alikufa siku ya Jumanne, akazikwa Alhamisi, na treni yangu kutoka Lubumbashi ikaingia Kamina Jumamosi mchana, imechelewa siku mbili. Angekuwa hai angenisimamisha mlangoni na kuniuliza sababu ya kuchelewa, saa ya kuchelewa, na jina la aliyechelewesha. Hakuwa baba yangu, nasema mapema ili tusipotezeane muda. Alikuwa mzee wa reli, jirani yetu katika kambi ya reli, na kwa mwaka mmoja tu wa usichana wangu alinifungulia mlango wa chumba chake kila Jumamosi na Jumapili. Mwaka huo mmoja umenifundisha kuliko chuo kikuu chote, na sehemu kubwa ya mafunzo yake naionea aibu hadi leo. Nilishuka kwenye pikipiki na begi langu, nikawakuta wanawake wachache waliobaki kilioni wamekaa juu ya mikeka, na kati yao, mgongo umeegemea ukuta wa chumba kile kile, alikuwa Ntumba. Sikuwa nimemwona tangu mwaka wa diploma, tulipomaliza sekondari. Kichwa chake kimeanza mvi kama changu. Aliniangalia kwa utulivu, kama mtu anayeangalia treni aliyokwisha kuambiwa kwamba itachelewa.

“Ngoie. Unafika sasa?”

“Treni, dada.”

“Njo vile. Treni,” akasema, yaani ndivyo, akasogea kunipa nafasi mkekani.

Chumba chenyewe kiko upande wa kushoto ukiingia. Papa Donatien alipostaafu, watu walidhani atafungua duka la sabuni na chumvi kama wenzake. Yeye akaenda Lubumbashi, akarudi na kompyuta tatu za mtumba zimefungwa kwa blanketi, akazipanga juu ya meza ndefu, akaziunganisha kwa nyaya, na nje chini ya dirisha akaweka jenereta iliyokohoa kabla ya kuwaka. Hapo ndipo tulipocheza, Jumamosi kuanzia saa nane, na Jumapili baada ya misa, mpaka dada yake, Tantine Berthe, alipoita watu kwenye bukari, ugali wetu. Nikifumba macho nasikia harufu ya petroli, plastiki iliyopata moto, na samaki wa moshi wa Bukama akichemka na nyanya upande wa pili wa ukuta. Ukutani ilining'inia saa kubwa ya kituo ambayo mzee aliijaza ufunguo kila Jumamosi kwa mkono wake. Chini ya saa kulikuwa na kimeza, na juu ya kimeza daftari jeusi lenye jalada gumu na biki iliyofungwa kwa uzi ili isiibiwe. Watoto wengine duniani hucheza michezo ile kwa kelele. Sisi tuliicheza kama makarani.

Daftari lilitoka kwenye kazi yake. Huku kwetu reli ni njia moja, treni mbili haziwezi kupishana isipokuwa kituoni, kwa hiyo mkuu wa kituo haachi treni iondoke mpaka apige simu kituo cha mbele aulize kama njia iko wazi. Akijibiwa, anaandika: saa, amri, jina lake, sahihi yake. Ajali ikitokea hakuna kubabaika, wanafungua ukurasa na kusoma ni mkono wa nani uliotoa njia. Papa Donatien alihamisha desturi hiyo nzima nzima kwenye mchezo. Tulikuwa wachezaji saba wa mchezo mmoja uliokwenda wiki baada ya wiki, na kila amri kubwa iliyotolewa kwenye kompyuta ilibidi iandikwe, ili wanaokuja kesho wajue waliokuwepo jana walifanya nini. “Bila signature, njia haiko,” alikuwa akisema, na aliyesahau kuandika alinyimwa zamu ya wiki inayofuata. Mimi niliandika vizuri kuliko wote. Kwa hiyo mara nyingi biki ilikuwa mkononi mwangu, nami nilipenda hivyo, sitaki kudanganya.

Mchezo ulikuwa na jina la Kifaransa ambalo nimelisahau, sisi tuliuita Gare, maana ulihusu kituo. Kituo kikubwa cha chuma kinachoelea angani, mbali na dunia iliyokwisha kuharibika, na ndani yake wanaishi watu pamoja na viumbe waliotoka nyota nyingine, wenye ngozi ya kijivu na shingo ndefu. Hao tuliwaita bangeni. Walikuwa wageni wa ajabu kweli, kwa sababu mchezo wenyewe ulieleza kuwa walizaliwa humo kwa vizazi, na kwamba wao ndio waliotengeneza mifereji ya hewa. Mwanzoni unachagua kambi. Kulikuwa na kambi ya wafanyabiashara, kambi ya watu wa mashine, kambi ya waliochanganyika damu, na kambi moja yenye bendera nyekundu iliyoandikwa kwamba binadamu ndiye wa kwanza, na hakuna wa pili. Kambi hiyo ilikuwa na askari wazuri, nyimbo nzuri na sheria fupi. Tukaichagua siku ya kwanza bila mjadala. Tukaipa jina letu, Bantu Kwanza, yaani watu kwanza.

Kiongozi wetu alikuwa Banza, mtoto wa dereva wa treni, kijana mwenye mabega na maneno. Nakumbuka jinsi alivyosimama mbele ya kompyuta ya katikati na kutufundisha siasa yake, akichanganya Kifaransa. “Mais angalieni bien. Hewa iko ya bantu mia mbiri. Ndani tuko mia tatu. Nani atatoka? Weye? Mama yako?” Namba zilikuwa pale pale kwenye kioo, kwenye kona ya juu, zikishuka. Na kweli, kila tulipojaribu huruma tulishindwa. Tulipowapa bangeni chakula sawa na watu, watu wakaasi. Tulipofungua mlango kwa meli ya wakimbizi, hewa ikaisha na mchezo ukazimika kwa muziki wa huzuni. Tulipofunga milango, kuhesabu, kupanga watu kwa aina na kuwatoa wasiotakiwa, kituo kikasimama imara na tukapewa nyota. Ntumba naye alikuwa Bantu Kwanza. Tusimfanye malaika. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wetu wa mifereji, anajua hewa ya kila sehemu kwa kichwa, na zaidi ya mara moja alitia sahihi amri ya kutoa bangeni ishirini, akafunga daftari, akaenda kunawa mikono akale. Walikuwa namba tu, A-17, A-18. Nani atakosa usingizi kwa ajili ya A-18?

Ntumba na mimi tulikaa banki moja shuleni, dawati moja, tangu mwaka wa kwanza wa sekondari. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai, baba yake fundi wa mabehewa, na yeye alizaliwa hapa Kamina kama mimi. Tulipokuwa wadogo walikuwa wameondoka, ile miaka Wakasai walipoambiwa kwao siyo huku na wakapakiwa kwenye mabehewa, kisha baadaye, mambo yalipotulia, wakarudi nyumba ya nne kutoka kwa Papa Donatien. Mama yake, Mama Ngalula, alinisalimia kila asubuhi kwa lugha ya kwao, “Moyo weba,” nami nilijibu kwa Kiluba, tukaelewana. Kuondoka kwao na kurudi kwao hakukuzungumzwa mbele yetu. Kulizungumzwa pembeni. Kwenye bomba la maji, ndoo ikijaa, niliwasikia wanawake wawili: “Balirudia bote.” “Eeh. Ngojea tu. Kesho batakamata na kazi.” Yaani watachukua hata kazi zetu. Nyumbani mezani nilisikia mengine kama hayo yakisemwa kati ya tonge na tonge, bila hasira, jinsi watu wanavyosema kwamba mvua imechelewa. Nilidhani hayaniingii. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nilikuwa nimekivaa.

Mwezi wa nne tulifanya mtihani wa majaribio kabla ya mtihani wa serikali. Kwa miaka mitano nilikuwa wa kwanza na Ntumba wa pili. Mara hii majina yalibandikwa ukutani yamegeuka. Alinikumbatia, akacheka, akasema ni bahati ya siku moja, kesho nitamrudisha mahali pake. Nikacheka pia. Nilikuwa na wivu. Neno ni hilo, nimelizunguka miaka mingi nikitafuta lenye heshima zaidi na sijalipata. Na wivu ulipotafuta mahali pa kukaa, ulikuta kiti kimekwisha kuandaliwa na wale wanawake wa bombani. Wakati nakwenda nyumbani kichwa changu kilisema, hata masomo wanatupita. Wanatupita. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa Ntumba, jioni alikuwa wao.

Jumamosi iliyofuata Ntumba hakuja. Mdogo wake alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza, nyumba yao imejaa unga na mafuta. Sisi tulikuwa tumefika mwisho wa mchezo, imebaki amri moja tu, kutoa bangeni kumi na wanne wa sehemu ya mifereji ili hewa itoshe na bendera ipandishwe. Mimi nilikaa kwenye kiti cha katikati. Sasa mchezo ule ulikuruhusu kumpa jina kila mkazi badala ya namba, na siku zote tulikuwa tumewapa majina binadamu peke yao, majina yetu, ya mapadri, ya mwalimu wa hesabu. Sijui ni shetani gani aliyenishika vidole. Nilikwenda kwa A-31, nikafuta, nikaandika Ngalula. Wavulana wakacheka. Nikaandika Mukendi, jina la baba yake, kicheko kikapanda. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kila kicheko kiliniita jina jingine, nikaandika bibi yao, wajomba wao, wadogo zake, wote waliolala chini ya bati lile, nilikuwa nawajua mmoja mmoja kwa sababu nilikuwa nimekula kwao. Jina la kumi na nne niliandika Ntumba. Hapo kicheko kilikatika kidogo. Banza akasema, “Eh, Ngoie, weye uko mubaya,” lakini kwa sauti ya kusifu. Nikabonyeza. Milango ikafunguka na kufungwa, namba ya hewa ikageuka kijani, muziki ukapigwa, bendera nyekundu ikapanda. Tulishangilia mpaka Tantine Berthe akachungulia. Nikaenda kwenye kimeza, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Saa kumi na robo. Wageni kumi na wanne wametolewa. Hewa inatosha. Kisha mkono ukasita juu ya mahali pa jina. Sikuwahi kusita mahali pale kabla ya siku ile. Nikaandika: Timu.

Jumapili Ntumba alikuja na sahani ya mikate ya sherehe, imefunikwa kitambaa cheupe, kwa ajili yetu sote. Aliambiwa tumeshinda. Akapiga makofi, akaketi kwenye kompyuta aone ushindi aliouhangaikia miezi saba, na mchezo, ambao haukujua aibu, ukamwonyesha karatasi yake ya mwisho, orodha ya waliotolewa. Alianza kuisoma kwa sauti. “Ngalula,” akasema, akatabasamu, “kama Mama.” “Mukendi.” Hakutabasamu tena lakini aliendelea, jina kwa jina, kwa sauti ile ile ya msomaji wa kanisani, wala hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumnyamazisha. Alisoma mpaka lake. Sahani ya mikate ilikuwa bado magotini mwake. Papa Donatien alikuwa amesimama mlangoni na tambara la jenereta mkononi, sijui tangu jina la ngapi.

Alitoka, akazima jenereta. Akarudi, akachukua daftari, akalisoma amesimama chini ya saa.

“Timu njo nani?”

Akatugeuzia ukurasa.

“Timu haina mukono,” akasema polepole. “Ile mandishi, njo mukono ya nani?”

Banza ndiye aliyejaribu kututetea kwanza, akautupia lawama mchezo. “Papa, ile jeu njo inaomba. Hewa haitoshe. Kama hautoe bamoja, bote banakufa.”

“Nani alisema haitoshe?”

“Iko pale, Papa. Mia mbiri.”

“Ile mia mbiri, muntu mumoja aliikala mu bureau yake akaiandika. Angeandika mia ine, leo mungefukuza nani?” Akatuangalia mmoja mmoja. “Na kwetu pia muntu aliikala akasema kazi haitoshe. Nasi hatukuuliza nani alipima. Tulianza tu kuhesabu bantu.”

Akavuta kiti, akaketi, na kwa mara ya kwanza tukamsikia akieleza miaka ile. Wakati huo alikuwa mkuu wa kituo kidogo kwenye njia ya kwenda Kasai, kituo cha nyumba mbili na pampu. Treni zilikuja zimejaa watu mpaka kwenye mabehewa ya ng'ombe, na magodoro, na vyungu, na wagonjwa. Simu ililia, kituo cha nyuma kiliuliza kama njia iko wazi. “Minyi nilipana njia. Mara kumi na mbiri. Na kila mara niliandika mu kaye, daftari kama hii: treni ya mizigo, njia iko wazi, Donatien. Saa iko sawa. Numero iko sawa. Signature iko sawa.” Akanyoosha kidole kimoja. “Neno moja tu njo haiko sawa. Niliandika mizigo. Na ile kaye ilibakia kule, sitaiona tena.”

Ntumba akasema, bila kumwangalia, “Ile pompe ilikuwa ya rangi ya majani.”

Mzee akageuza kichwa taratibu.

“Nilikuwa na miaka ine,” Ntumba akasema. “Treni ilisimama, tukakunywa maji. Minakumbuka pompe.”

Papa Donatien alifunika uso wake kwa tambara la jenereta, nalo likamwachia alama nyeusi kwenye paji la uso. Wala hakuna aliyecheka. Alipolishusha aliuliza tena, safari hii kwa upole, ambao ulikuwa mbaya zaidi kuliko ukali. “Nani aliandika ile majina?” Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Lakini Banza aliwahi, akanyoosha mabega yake na kusema, “Minyi, Papa. Minyi njo chef, kiongozi.” Nami nikafunga kinywa changu, nikamwachia. Mzee alimwangalia Banza, akaangalia mwandiko, ambao hata kuku wa kambi walijua siyo wa Banza, kisha akachukua rula, akafuta neno Timu kwa mstari mmoja, na chini yake akapiga mstari mwingine mtupu. “Bon. Hii mustari itangojea,” akasema.

Tantine Berthe, ambaye alikuwa amesikia yote au hakusikia kitu, aliingiza bukari, sombe ya majani ya muhogo na samaki, kama kila Jumapili, sahani moja kubwa katikati na beseni la maji likizunguka. Ntumba alinawa mikono. Aliketi nasi kwenye duara. Mikono yake ilikauka kwenye hewa, juu ya magoti yake, akatuangalia tukila, kisha akamshukuru Tantine kwa heshima zote na kuondoka. Mikate aliiacha. Mimi nilikula. Hilo nalo liandikwe, nilikula, na samaki alikuwa mtamu.

Hakurudi tena chumbani kwa Papa Donatien katika mwaka ule. Shuleni aliomba kuhamishiwa banki ya mbele, akisema haoni ubao. Alinisalimia, alinijibu, aliniazima rula, na kati yetu hapakupita neno jingine. Mtihani wa serikali tulifaulu sote wawili, yeye akiwa juu. Akaenda kusomea unesi Mwene-Ditu, mimi Lubumbashi. Banza alikatazwa kucheza mpaka mwisho wa mwaka, na siku moja nilipojaribu kumshukuru alinikata: “Acha. Minyi nilicheka, ni sawa tu na kuandika.” Leo anaendesha treni upande wa Luena, hajapata kumwambia mtu, na sijui kama alifanya wema au alinifungia mlango.

Mimi ni mwalimu sasa, na wanafunzi wangu wanacheza michezo ya aina ile kwenye simu zao, mizuri kuliko yetu mara mia. Bado kuna kambi yenye bendera nzuri na sheria fupi, bado ndiyo wanayoipenda. Sijapata kuwakataza. Mwezi uliopita mmoja alinieleza kwa subira, kama anavyoelezwa mtu mzima asiyeelewa, kwamba kambi ya binadamu ni katili lakini ina haki, kwa kuwa wale wengine si watu, na bila ukatili kila mtu atakufa. Nilimuuliza nani alipima hewa. Akasema, “Madame, jeu njo iko vile.” Ni kweli, mchezo uko hivyo, na aliyeutengeneza aliupanga ili katili awe na haki. Hilo mtoto atalielewa akikua. Lakini lile la pili sikumwambia, kwa sababu ingenibidi nitaje majina. Ningemwambia kwamba wale viumbe wa kijivu hawakuwa watu, anasema kweli, na mimi sikuwadhuru. Nilichofanya ni kuchukua majirani zangu, watu walionipa chakula, na kuwavalisha ngozi ya kijivu. Ilinichukua dakika kumi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, namba moja darasani kwa miaka mitano, mwimbaji wa kwaya.

Jumamosi ile ya kilio, wanawake walipopungua, Tantine Berthe alitoka ndani akiburuta ndala zake. Amezeeka hata ameanza kuwa mdogo kama mtoto. Kifuani alikumbatia daftari jeusi. “Papa alisema hii bantu basiichome,” akasema. “Alisema bale babiri bakifika, nibapatie.” Akaliweka mkekani kati yetu, akarudi jikoni. Mimi na Ntumba tulilitazama. Kutoka kituoni ikasikika honi ya treni, ndefu, labda ile iliyonileta.

Nililifungua moja kwa moja, nilijua ukurasa. Karatasi imekuwa ya njano, wino umefifia, lakini juu ya ule mstari wa rula palikuwa bado patupu kabisa. Sikutaka kusubiri tena, maana nilikwisha kusubiri miaka ishirini.

“Haikuwa Banza,” nikasema. “Njo minyi, Ntumba. Bile bintu byote, majina yote. Minyi.”

Hakushtuka. Alikuwa anaondoa majani makavu kwenye pindo la kitenge chake, akamaliza kuliondoa la mwisho.

“Tuliikala banki moja miaka sita, Ngoie. Utanificha mandishi yako? Nilijua ile siku, mbele Papa afungule kinywa, kabla ya kuuliza.”

“Na juu ya nini haukusema?”

“Mustari haikuwa yangu.”

Nilianza kusema mengine, samahani na ujana na wivu, yote niliyokuwa nimeyapanga kwenye treni siku tatu. Alinyanyua mkono kidogo tu, jinsi manesi wanavyofanya kwa mgonjwa anayeongea sana, akaingiza vidole kwenye mkoba wake na kutoa biki. Nikaichukua. Nikaandika jina langu juu ya mstari wa Papa Donatien, Ngoie, na sahihi yangu pembeni.

“Andika na saa,” akasema.

Niliangalia ndani, saa ya ukutani imesimama, hakuna aliyeijaza ufunguo tangu mwenyewe alipougua. Ntumba aliinua saa yake ya unesi iliyobanwa kifuani. Kumi kasoro dakika tano. Nikaandika. Nilidhani tumemaliza, nikataka kufunga, lakini kidole chake kilikuwa kimekwisha kukaa juu ya neno la juu, lile nililoliandika kwa mwandiko mzuri kuliko yote. Wageni kumi na wanne.

“Hii,” akasema, “haiko sawa. Papa hakupata kaye yake. Weye uko na yako. Andika bantu, na majina yao.”

Nikafuta neno wageni, juu yake nikaandika bantu. Nikaanza na Mama Ngalula, ambaye alikwisha kufariki, nikamwandika na Mama mbele, ambayo siku ile sikuiweka. Nikaandika Papa Mukendi. Nikaandika bibi, na wajomba, na wadogo mmoja mmoja, polepole, na pale nilipokosea jina la kipaimara la mdogo wake wa mwisho Ntumba alinisahihisha. Upepo ulinyanyua ukurasa, akauzuia kwa kiganja chake. Nilipofika jina la kumi na nne, lake mwenyewe, biki ilisimama, kama ilivyosimama zamani juu ya mahali pa sahihi, na sikuweza kuisogeza.

“Andika,” Ntumba akasema. “Minyi niko hapa.”